Kuingilia ploti si kumwingilia mwenye ploti

Mapema mwaka jana mwanafunzi wangu wa zamani alinijia ofisini na karatasi nane mkononi. Siku hizi ni wakili, na mara kwa mara majirani waliokosana humteua awaamulie kesi yao nje ya mahakama. "Prof, nisaidie kukagua ngeli tu," akasema. "Mambo ya sheria niachie mimi."

Karatasi zile zilikuwa rasimu ya uamuzi. Majirani wawili wa Kongo, ile ya Kawangware (si nchi wala si mto), walikuwa wamegombania ukanda wa ardhi ambao upana wake haukuzidi wa mlango. Mmoja ni mama wa makamo anayekodisha vyumba vya mabati. Mwingine ni mwanamume aliyejenga nyumba ya mawe ya ghorofa moja kwenye ploti inayopakana na ya mama huyo, na ujenzi ulipofika juu akagundua hana mahali pa kuweka ngazi. Akaiweka upande wa mama. Kisha akaizungushia mabati ili wapangaji wake wa juu wasinyeshewe wakipanda. Mama alilalamika kwa wazee wa mtaa, wakaelekezwa kwa chifu, wakarudi walikotoka, na mwishowe wote wawili wakatia sahihi kwamba wangemwachia wakili huyu aamue na wangemtii. Ninayaandika haya kwa ruhusa yao, baada ya uamuzi kutolewa na ile miezi 3 ambayo sheria inampa asiyeridhika aupinge katika Mahakama Kuu kwisha. Majina nimeyaacha, pesa pia nimeziacha.

Basi nikakagua ngeli. Zilikuwa safi, na kwa hilo nilijipongeza kimoyomoyo, maana ni mimi niliyemfunza. Ukuta huu, kuta hizi, ploti hiyo, mabati hayo, kila kiambishi kilikaa mahali pake. Kisha nikafika ukurasa wa tatu, aya ya pili, nikakutana na sentensi hii: "Mlalamikiwa alimwingilia mlalamishi mara kadhaa bila idhini yake kati ya mwezi wa Machi na Agosti."

Nilivua miwani.

"Kwani iko na shida?" akauliza. Alikuwa ameuandika uamuzi wote kwa Kiingereza kwanza, kisha akautafsiri jioni moja, na neno la Kiingereza 'trespass' likawa kuingilia. Sikumjibu. Nilimpigia simu dadangu mkubwa, ambaye ameishi Kawangware tangu miaka ya 1970 na hana subira na watu wa chuo kikuu, nikamsomea sentensi hiyo moja bila kumwambia inahusu nini.

"Uwi! Na huyo mtu ako ndani ama bado?"

"Ako ndani kwa nini, dada?"

"Si amebaka mtu! We unasoma hivi hivi tu kama mtu anasoma gazeti?"

Mwanafunzi wangu alisikia, kwa sababu dadangu huongea na simu kana kwamba simu ni kiziwi.

Tuitazame sentensi yenyewe polepole, kwa maana hapo ndipo penye somo. Kitenzi ingia, tukikitia kauli ya kutendea, kinatupa ingilia. Yambwa ikiwa ni kitu au mahali, hakuna tatizo: ameiingilia ploti, ng'ombe wameliingilia shamba. Lakini yambwa ikiwa ni mtu, ile -m- ndogo ikikaa katikati ya kitenzi, maana inahama. Kumwingilia mtu ni kumkatiza akizungumza, au kujitia katika mambo yake, au, kwa tafsida ambayo kila Mswahili mtu mzima anaijua, kulala naye. Ukitaja mazungumzo au shughuli fulani, msikilizaji anachukua maana ya kwanza au ya pili. Usipotaja, anachukua ya tatu. Na ukiongeza "bila idhini yake", umemfungia njia zote nyingine, kwa sababu idhini, tangu Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 ianze kuzungumzwa redioni na katika mabaraza ya machifu, limekuwa neno la kesi za ubakaji.

Kiingereza hakina mtego huu. Katika Kiingereza cha sheria mtu anaweza kuelezwa kuwa amemkosea mwenye ardhi kwa kuingia ardhini mwake, na anayetajwa kukosewa ni mwenye ardhi, si ardhi. Wakili wetu alifuata mpangilio huo kwa uaminifu wote. Aliondoa ploti, akamweka mama. Uamuzi ule ulikuwa usomwe kwa sauti mbele ya pande zote mbili, wazee wawili wa mtaa na yeyote ambaye angesimama mlangoni. Kongo watu husimama mlangoni. Mama yule angetoka pale na ukanda wake wa ardhi, lakini angetoka pia na hadithi ambayo haikuwahi kutokea, na jirani yake angeitwa jina ambalo hata baada ya kuthibitishwa kwamba ni makosa ya tafsiri lisingemtoka.

Sasa wapo watakaosema: ndiyo maana sheria iachwe katika Kiingereza. Nimeisikia hoja hiyo kwa miaka zaidi ya thelathini, kwa kawaida kutoka kwa watu wanaoapa, wanaogombana na wanaoomba pesa kwa Kiswahili. Nchini Tanzania mahakama za mwanzo zimekuwa zikisikiliza na kuandika kesi kwa Kiswahili kwa miongo mingi, na mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama kwa jumla. Maneno tunayoyahitaji tulikuwa nayo kabla ya Mwingereza kufika: dai, shahidi, wakili, hakimu, hukumu, mirathi, rehani. Kosa la rasimu hii halikutoka katika Kiswahili. Lilitoka kwa mtu aliyefikiri kwa lugha moja kisha akaivisha nguo za nyingine.

Na ukitaka kujua kama watu wa Kongo wana Kiswahili cha ardhi, soma kuta zao. PLOTI HII HAIUZWI. Maneno matatu tu, na hakuna tapeli wala mnunuzi asiyeyaelewa. Hayasemi ni nani haiuzi, kwa sababu huenda ndugu ndio wanaotaka kuiuza. Hayasemi "haitauzwa", kwa sababu mwenye kuandika haahidi lolote kuhusu mwaka ujao. Halafu kuna lango jirani lenye MBWA KALI, kosa ambalo nimelitia alama nyekundu kwenye mitihani tangu nikiwa mwalimu chipukizi, mkali, mkali, mkali, na sijawahi kusikia mwizi aliyelielewa vibaya. Rasimu ya wakili wetu ilikuwa kinyume cha lango lile. Sarufi yake ilikuwa bila doa.

Tukaendelea kusoma. Ukurasa wa saba ndio uliokuwa na amri zenyewe, na amri ndizo moyo wa uamuzi wowote. Sababu zinaweza kuwa ndefu na za kuchosha, lakini aliyeshindwa huruka zote akatafuta anaambiwa afanye nini. Hapo palisema: "Mlalamikiwa ataondoka katika ploti hiyo pamoja na ngazi na ukuta wake ndani ya siku 30."

Ondoka. Kuna mzizi mmoja, -ondo-, na matawi yake hayafanani. Kuondoa ni kutoa kitu. Kuondoka ni kutoka wewe mwenyewe. Kuondosha ni kufanya kitu kitoke, na kuondolewa ni kutolewa na mwingine, mara nyingi kwa nguvu, mara nyingi alfajiri. Herufi moja, k, inatenganisha mtu anayeng'oa ngazi yake na mtu anayehama na watoto wake. Ile "ploti hiyo" nayo, ukirudi nyuma kutafuta ni ipi, ploti ya mwisho kutajwa ilikuwa ya mlalamikiwa mwenyewe. Kwa hiyo, kwa Kiswahili sanifu kisicho na kosa lolote la ngeli, mwanamume yule alikuwa ameamriwa kuhama nyumba yake. Wakili alikuwa amekusudia ang'oe ngazi.

"Lakini kwa Kiingereza nimeandika aachie sehemu ile," akajitetea.

"Kwa Kiingereza, ndiyo. Yeye atakisoma Kiingereza?"

Akanyamaza. Nikamwonyesha na ile -ta-. Wanasheria wengi hutafsiri lile neno lao la amri, 'shall', kwa kiambishi cha wakati ujao: atalipa, ataondoka, atabomoa. Najua yamezoeleka, na utayakuta hata katika sheria zilizoandikwa na watu wazuri. Katika kanuni ya jumla sina ugomvi nayo. Lakini amri ya mtu mmoja kwa mtu mmoja ni jambo jingine. "Atabomoa ukuta" katika masikio ya fundi ni habari, au utabiri, au hata sifa kwamba jamaa ana nguvu. Kiswahili kina dhamira ya amri iliyo tayari: abomoe, aondoe, alipe. Tukitaka kuipa uzito tunatanguliza "ninaamuru". Tena hapo ndipo anapoonekana anayeamuru, na mtu aliyeamriwa ana haki ya kujua amri imetoka kwa nani.

Kulikuwa na mengine madogo, nitayapitia mbio. "Abomoe mabati mpaka mpaka wa ploti" ni Kiswahili halali, ila ukiisoma kwa sauti utadhani msomaji ana kigugumizi. Hadi mpakani inatosha. Fidia ilikuwa imeandikwa "uharibifu", ati mlalamikiwa amlipe mlalamishi uharibifu, kana kwamba hajamharibia vya kutosha. Mahali pamoja mlalamikiwa alikuwa amegeuka kuwa mshtakiwa, neno la kesi za jinai. Hilo si dogo sana, kwa sababu kuingia katika ardhi ya mtu bila ruhusa kunaweza kweli kuwa kosa la jinai chini ya Sheria ya Trespass, Sura ya 294, lakini hilo huamuliwa na mahakama, si na mtu aliyeteuliwa na majirani. Na juu kabisa, kwa herufi kubwa, hati yenyewe ilijiita TUZO. Dadangu alipoulizwa baadaye tuzo ni nini, alisema ni kile kikombe wanachopewa waimbaji. Tuliandika UAMUZI.

Kisha aya ya mwisho: "Tuzo hii ni ya mwisho na itawafunga wahusika wote wawili." Sheria yenyewe inasema uamuzi wa aina hii ni wa mwisho na pande zote zinalazimika kuutii, kwa Kiingereza neno lao linatokana na kufunga kamba. Lakini mitaani kwetu kufunga ni kufunga jela. Nilimsomea dadangu, kwa simu ile ile.

"Hata mama afungwe? Na si yeye ndiye ameonewa?"

Nikaandika pembeni: pande zote mbili zinalazimika kuutii uamuzi huu.

Hadi hapo nilikuwa nikimkosoa kijana, na nakiri nilikuwa nikifurahia. Furaha iliniishia nilipofika kwenye karatasi ambayo sikuombwa kuikagua, ile ya mwanzo kabisa, ambayo majirani wawili walitia sahihi kabla kesi haijasikilizwa. Iliandikwa hivi: "Sisi tuliotia sahihi hapa chini tumekubali mgogoro wetu utatuliwe kwa njia ya usuluhishi."

Mwanamume mwenye ngazi, kijana aliniambia, alikuwa ameshaanza kunung'unika. Alikuwa akisema, "Usuluhishi ni watu kukubaliana. Mimi sijakubali. Sasa nimesuluhishwaje?" Wakili alilichukulia hilo kuwa ujanja wa mtu anayenusa kushindwa. Huenda lilikuwa ujanja. Lakini kwa upande wa lugha alikuwa na hoja, na mwalimu aliyeikoroga lugha hiyo nilikuwa mimi. Katika orodha ya istilahi niliyowagawia wanafunzi kwa miaka mingi, usuluhishi ulisimama mbele ya mambo mawili: lile la mtu wa tatu kuwasaidia wawili wapatane, na lile la mtu wa tatu kuwasikiliza kisha akaamua wapende wasipende. Niliyaweka kapu moja kwa sababu sikutaka kubuni neno. Uvivu, kwa jina lake halisi.

Tazama neno lilikotoka. Suluhu ni sulh ya Kiarabu, na katika sheria ya Kiislamu sulh ni mapatano: pande mbili zinakutana njiani, kila mmoja anaachilia kidogo. Kumteua mtu aamue kuna jina lake, tahkim, kutoka mzizi ule ule uliotupa hakimu, hukumu, mahakama, na hata hekima. Kiswahili kilipokea watoto wote hao, lakini huyu mmoja sijamsikia mitaani. Pengo likabaki, nasi wasomi tukaliziba kwa jina la jirani yake. Suluhu haiwezi kulazimishwa. Mtu akisema hajasuluhishwa, basi hajasuluhishwa.

Watanzania, katika migogoro ya kazi, wamelitenganisha jambo hili vizuri zaidi kuliko sisi. Chombo chao kinaitwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Maneno mawili kwa hatua mbili: kwanza mnapatanishwa, mkishindwa mnaamuliwa. Kuna wenzangu wanaopinga uamuzi kwa kusema ni neno pana mno, kila mtu anaamua, hata mtoto anaamua kula mandazi. Ni kweli. Lakini mwamuzi katika Kenya si neno geni, ni refa. Timu zote mbili zinamjua kabla ya mechi, hakuna anayetarajia awapatanishe, na akipuliza kipenga hakuna anayesema "mimi sijakubali" akatarajia bao lirudishwe. Watapiga kelele, watamtukana, watacheza. Mtu wa Kongo aliyetia sahihi kwamba fulani ni mwamuzi wake anajua ametia sahihi nini. Kwa hiyo orodha yangu nimeibadilisha: usuluhishi au upatanishi kwa lile la kwanza, uamuzi wa mwamuzi kwa lile la pili. Katika kesi hii ilibidi wakili awaite tena wote wawili, awaeleze tofauti hiyo, na watie sahihi upya. Mwanamume mwenye ngazi aliuliza maswali kwa saa nzima, kisha akatia.

Kuna neno jingine lililonisumbua zaidi ya yote, ingawa kwa Kongo halikuwa na madhara. Uamuzi ulimwita mama "mmiliki halali wa ardhi". Kawangware hilo lilipita, kwani sehemu kubwa ya ardhi ya Dagoretti ina hatimiliki za watu binafsi, jambo linalorudi nyuma hadi enzi ilipokuwa ndani ya hifadhi ya Wakikuyu chini ya wakoloni, na mama alikuwa na karatasi yake. Lakini kijana alikuwa na kesi nyingine inayofanana na hii, Kibera, na aliniambia bila wasiwasi kwamba angeitumia rasimu hii kama kielelezo, abadilishe majina tu.

Kutoka Kongo hadi Kibera si mbali, unavuka Ngong Road na umefika, lakini kisheria umebadilisha sayari. Ardhi ya Kibera kwa sehemu kubwa ni ya serikali. Jamii ya Wanubi, ambao wakoloni waliwakalisha hapo mwanzoni mwa karne ya 20, ilipewa hatimiliki ya jamii ya ekari 288 mwaka 2017. Wengine wengi wanaoitwa malandilodi wana kuta, mabati na wapangaji, wala hawana ardhi. Hapo mwenye nyumba si mwenye ardhi. Mwamuzi akiandika kwamba fulani ni "mmiliki halali wa ardhi" atakuwa amesema uongo, na tena amejipa mamlaka ambayo hana, maana majirani wawili hawawezi kumpa mtu uwezo wa kugawa ardhi isiyo yao.

Je, kesi ya kuingiliana haiwezekani Kibera, basi? Inawezekana sana. Sheria hii ya kuingia bila ruhusa haikuwekwa kumlinda mwenye hati peke yake; inamlinda anayekikalia kiwanja na kukitumia. Na Kiswahili, ambacho tunakidharau, kimeshika tofauti hii vizuri: kumiliki ni jambo moja, kukalia ni jingine. Andika "eneo ambalo mlalamishi analikalia na kulitumia" na umesema kweli Kongo, umesema kweli Kibera, na hujamnyang'anya mtu kitu.

Historia yetu ina makaburi ya maamuzi yaliyokufa kwa kukosa tofauti hiyo. Mwaka 1990 Bunge lilipitisha Sheria ya Mabaraza ya Migogoro ya Ardhi, Nambari 18 ya mwaka huo, iliyowapa wazee uwezo wa kusikiliza mambo matatu: mipaka na ugawaji wa ardhi, madai ya kuikalia au kuilima, na kuingia bila ruhusa. Umiliki haukuwemo. Wazee walisikiliza kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, na karatasi zikaandikwa kwa Kiingereza na mtu mwingine. Mzee anaposema "shamba hili ni la Fulani", anaweza kumaanisha Fulani ndiye analilima, watu wamwache. Karani akishaandika kwa Kiingereza kwamba Fulani ndiye mwenyewe, baraza limeonekana kuamua umiliki, na uamuzi ukifika Mahakama Kuu unatupwa kwa sababu umevuka mamlaka. Siwezi kusema kila uamuzi uliotupwa ulitupwa hivyo. Mabaraza mengine yalijua kabisa yanavuka. Lakini nimesoma maamuzi ya aina hiyo ya kutosha kuamini kwamba familia kadhaa zilishinda kesi kisha zikaipoteza kwa neno "ni la". Mabaraza hayo yaliondolewa na sheria iliyounda Mahakama ya Mazingira na Ardhi mwaka 2011.

Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inazitaka mahakama zikuze njia hizi za kutatua migogoro, na kifungu cha 7 kinafanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Sheria ya mwaka 1995 inayosimamia kazi ya waamuzi inawaruhusu wahusika kuchagua lugha wanayotaka. Vizuri. Lakini sheria hiyo hiyo, sehemu ya 36, inasema ukitaka mahakama itie nguvu uamuzi ambao haukuandikwa kwa Kiingereza, ulete na tafsiri yake ya Kiingereza iliyothibitishwa. Uamuzi wa Kiswahili, wa Wakenya wawili, juu ya ploti ya Kawangware, unaingia mahakama ya Kenya kama mgeni anayedaiwa viza. Waheshimiwa wanaopenda kututumia salamu za Siku ya Kiswahili kila tarehe 7 Julai wana hapo kazi ya sentensi moja.

Basi tukakaa, mimi na yeye, tukaiandika upya aya ya amri. Hatukuitazama ya Kiingereza. Nilimwambia anieleze kwa mdomo alichotaka kitendeke, kama anayemweleza fundi, nami nikaandika. Ikatoka hivi:

"Ngazi ya chuma na ukuta wa mabati vilivyotajwa hapo juu vimesimama ndani ya ploti ambayo mlalamishi anaikalia na kuitumia, na mlalamikiwa hakupewa ruhusa ya kuviweka hapo. Kwa hivyo ninaamuru mlalamikiwa aviondoe vyote viwili kwa gharama yake, hadi mpakani, kabla ya siku 30 kwisha tangu siku atakayokabidhiwa uamuzi huu. Haamriwi kuhama nyumba yake. Baada ya hapo asiingie wala kujenga upande wa mlalamishi bila ruhusa yake."

Ile sentensi fupi, "Haamriwi kuhama nyumba yake", kijana hakuitaka. Mwanasheria haandiki alichokosa kuamuru, alisema. Nikamwambia tuiache, kwa sababu Kongo mtu akiona karatasi yenye muhuri huanza kufunga virago kabla hajaisoma yote.

Nikampigia dadangu tena nikamsomea yote minne. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo la nadra.

"Hiyo nimeelewa," akasema. "Sasa hiyo ngazi ikitolewa, wale watu wanakaa juu watakuwa wanashukia wapi?"

Nilimtazama kijana. Kijana alitazama karatasi zake nane. Katika kurasa zote, za Kiingereza na za Kiswahili, wapangaji wa juu walitajwa mara moja tu, pale walipokuwa wakinyeshewa. Alirudi Kongo wiki iliyofuata na tepu ya kupimia, akawaita tena mama na jirani yake, na wote watatu wakazunguka nyuma ya ile nyumba ya mawe kutafuta futi nne zilizokuwa zimejaa matanki ya maji. Siku 30 zikawa 45, na aya ikaongezwa inayosema ngazi mpya isimame nyuma kwanza, ndipo ile ya upande wa mama ing'olewe.